Kimya cha Baba na Mfanyakazi Wetu wa Braga

Nurmes, 2 Juni

Kaka yangu mpendwa Ohto,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima huko kambini, na buti za jeshi zimeacha kukuchubua visigino. Sisi hatujambo. Mama amepanda viazi, nami nimebakiza mtihani wa historia tu, ambao siuogopi.

Habari kubwa ni ya Leonor, yule dada Mreno aliyeajiriwa na Baba kuuza majiko yetu ya sauna, ya kupasha moto vyumba vya kuogea mvuke, kule kwao kusini. Ulikuwa umeshaondoka, kwa hiyo nianzie mwanzo. Baba alitaka kumwajiri kama mtu wa hapa Nurmes, kwa mkataba wetu na makato yetu. Bi Tuovi, mhasibu, alimcheka waziwazi. Alimwambia, "Wewe Ensio, huyo binti anaishi Braga na atafanya kazi Braga, kwa hiyo sheria zake ni za Ureno. Au unataka akiugua aje kupanga foleni hospitali ya hapa?" Basi kampuni ikaandikishwa kwenye hifadhi ya jamii ya Ureno, na ofisi moja ya huko ikapewa kazi ya kuandaa mshahara. Baba alishangaa kuambiwa amkatie bima ya ajali kazini hata kama anafanyia kazi nyumbani kwake, tena kuna malipo ya ziada ya likizo na mengine ya Krismasi. Alinung'unika kwamba katika nchi ile hata kiti cha jikoni kina bima, lakini akatia saini.

Leonor aliuza kuliko tulivyotarajia. Mwanzoni Baba alimpigia simu kila Jumatatu kukagua kazi. Alipoona hana la kukosoa, akaacha. Unamjua: mtu akifanya vizuri, humwacha kwa amani. Muda wake wa majaribio kazini ulikuwa unaisha siku ya mwisho ya Mei, na kisheria siku hiyo ikipita bila neno, ajira inaendelea. Kwa hiyo Baba hakusema neno.

Wiki iliyopita Leonor akaandika. Alishukuru kwa kila kitu, akasema atamaliza siku ya mwisho ya majaribio, akauliza kompyuta airudishe kwa nani. Baba aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama. Mama alimsihi apige simu aulize kulikoni, lakini Baba akasema mtu mzima akishaamua, kumsumbua ni kumvunjia heshima. Bi Tuovi naye akathibitisha kwamba katika majaribio kila upande unaweza kuondoka bila kutoa sababu. "Haya, kaeni na sheria zenu," Mama akasema, "mtauza majiko kwa paa wa msituni." Baba akajifungia karakanani, akawa anapiga nyundo mabati yasiyo na kosa.

Juzi ukaja ujumbe mwingine wa Leonor: kama Baba anataka abaki, amwambie kwa kinywa chake. Baba alichukua simu, akaenda kumpigia nyuma ya rundo la kuni. Dirisha lilikuwa wazi, tukamsikia akisema, "Kazi yako si mbaya." Mama akagonga kioo kwa kijiko. Baba akakohoa. "Ni nzuri. Nzuri sana. Tafadhali usiondoke." Masikio yalimwiva kwa haya! Leonor amebaki.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna mtu hapa anayelijua. Mimi ndiye niliyempigia Leonor simu, kabla ya ujumbe wake wa juzi. Mimi, ninayeogopa simu hata humwomba Mama anipigie kwa kinyozi! Nilijifungia saunani, nikamweleza kwamba kwetu bosi akinyamaza, ameridhika. Akasema alidhani tunamzoesha kuondoka. Kwao mtu anayefukuzwa ndiye asiyepigiwa simu. Akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, baba yako akinipenda zaidi si atanisahau jina?" Nilicheka mpaka woga ukaniisha. Nikamwomba amlazimishe Baba aseme.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza. Hujaandika tangu Pasaka, na sote tunachukulia kwamba kimya chako ni habari njema. Huenda nawe unakichukulia hivyo kimya chetu. Basi nakuambia wazi: nakukumbuka sana, Ohto, na najivunia wewe. Usijibu kwa utani.

Mama anakusalimu, na Baba pia, ingawa hajasema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Saimi