Gauni la Moraa Nililomuuzia Mwingine

Kisii, Jumatatu, Januari 1973

Mvua imenyesha tangu saa nane, nami nimefunga mapema. Sikutaka mtu anione nimekaa kwenye cherehani.

Nianze na hesabu, maana ndipo nilipojidanganya. Mwaka jana shule zilipofunguliwa niliuza magauni thelathini ya sare. Safari hii, kabla ya Krismasi, wazazi kumi na wawili walikuwa wameshaagiza. Nikatoa kumi na mawili kwenye thelathini, nikashona kumi na manane ya watakaokuja bila kuagiza. Nikajiona fundi mwenye akili.

Lakini mwaka jana, kufikia Krismasi, walikuwa wameagiza wanne tu. Daftari lilikuwa mbele yangu. Wale kumi na wawili walikuwa wananiambia kwamba mwaka huu watu watakuwa wengi. Mimi nikasikia kwamba kazi imepungua.

Juzi Jumamosi magauni kumi na manane yaliisha kabla ya saa sita. Kisha akaingia mke wa mwalimu mkuu na binti yake. Kwenye rafu yalibaki machache, ya walioagiza na hawajayachukua. La juu lilikuwa la Moraa. Mama yake ni mjane wa Kiogoro, na ndiye aliyeagiza wa kwanza kabisa.

Nikalishusha. Nikaliuza.

Nilijiambia nitashona lingine jioni. Nilipofungua sanduku, kitambaa cha buluu kilichobaki hakikutosha hata mkono mmoja.

Leo asubuhi, siku ya kufungua shule, Moraa na mama yake wakaja, miguu imejaa matope ya mvua ya jana, mtoto amepakwa mafuta anang'aa.

"Kitambaa kilichelewa, mama," nikasema.

"Hata mimi niliyeagiza kwanza?"

"Hata wewe."

Akanishukuru. Akanishukuru!

Kufikia saa tano nilikuwa nimeshindwa kushona mstari ulionyooka. Nikatembea hadi Kiogoro. Nilimkuta Mama Moraa anapalilia migomba, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila kusingizia mtu.

Hakupiga kelele. Aliegemea jembe akasema, "Nilikuja kwako mapema kwa sababu najua mimi si mtu wa kungojewa."

Nilitamani anitukane.

Moraa alikuwa karibu, bado amevaa nguo yake ya kanisani. Akaniuliza, "Lilimtosha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kitambaa kinafika dukani Jumatano. Nitakuwa mlangoni kabla hawajafungua, na gauni la kwanza kukatwa ni la Moraa, nami nitalipeleka Kiogoro mwenyewe. Siku tatu za masomo atakazokosa kwa kukosa sare sina pa kuzipata.

Kuhusu hesabu, nimeshajua nilipokosea. Nitaangalia walioagiza mapema ni wangapi, niwalinganishe na wa mwaka uliopita siku kama hiyo.

Lakini kama mke wa mwalimu ndiye angekuwa ameagiza, na Mama Moraa ndiye amesimama mlangoni na mtoto asiye na sare, mkono wangu ungeenda kwenye rafu ile?