Theluji Isiyoganda Usiku

Svaneti, 9 Aprili

Kaka Gela mpendwa,

Safari hii nakuambia yote. Ng'ombe wetu amezaa, na Bibi ameshapaka mayai ya Pasaka rangi nyekundu.

Baba bado huamka alfajiri kukanyaga theluji ukingoni mwa korongo. Ikibeba buti lake bila kuzama, watu huvuka kabla jua halijailainisha. Lakini wiki hii usiku una mawingu, theluji haigandi, na inaweza kuporomoka yote juu ya wanaovuka. Amefunga njia tangu Jumatatu, na bado haijaporomoka.

"We Zurabi, umekuwa kuku?" Mzee Bimurza alimcheka jana mbele ya watu. "Makaburi tunakokula Pasaka yapo ng'ambo. Wafu wetu watakula Pasaka na nani?"

 Nyumbani Baba alivua buti, akasema, "Nimechoka, mwanangu. Wakitaka kuvuka kesho, wavuke."

Leo alfajiri hakuamka, nikaenda mimi kuijaribu theluji. Nilizama hadi magotini. Nilipomwonyesha soksi zangu zilizolowa, alivaa buti, akaenda kusimama njiani kuwazuia watu.

Kaka, ukija kwa Pasaka, basi lako hufika ng'ambo mchana, theluji ikiwa laini, na wewe hujui kungoja. Nijibu upesi: utalala kwa Shangazi hukohuko mpaka Baba akuite?

Mdogo wako,
Tekle