Njia Tuliyoikata Sisi Wanawake

Kwa Vonza,
Kitui.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Barua hii ikukute hapo Kilungu umeketi vizuri, na ule mguu wako unaouma wakati wa baridi uwe umetulia. Je, mmepata mvua? Huku wingu linakuja, linatuangalia, halafu linaenda kunyeshea watu wengine. Kwa upande wa mwili hatujambo. Muthui anakula kila kitu, na huyu mdogo ameanza kuota meno, ananiuma nikimnyonyesha. Lakini kwa upande wa moyo siwezi kukudanganya. Mimi si mzima.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndivyo mwalimu alivyotufundisha kuandika barua, na Kikamba changu cha kalamu kina makosa mengi. Wifi yangu Mumbua atakugeuzia. Mumbua, nakuomba usome yote, hata pale pabaya. Usimpunguzie mama. Nataka aisikie kwangu kabla ya kuisikia kwa watu wa huku, maana wao watakuja na yao.

Mutiso amefungwa. Baba ya watoto wangu yuko jela mjini Kitui, na hapa kwao wanasema aliyemfunga ni mimi.

Ngoja nianzie mwanzo, usichanganyikiwe.

Unakumbuka baba mkwe alipouza kile kipande chake chembamba huko mlimani akatuleta huku kwenye ardhi kubwa. Tulipofika hakukuwa na njia ya kwenda mtoni. Ilikuwa ni miiba tu na mahali pa kupita swara. Basi sisi wanawake tukaanzisha mwethya, kama ule wenu wa kuchimba matuta, leo kwangu kesho kwako. Tulichukua panga tukaikata njia kutoka kanisani mpaka mtoni. Kwa sababu ya korongo, ilibidi ipite ndani ya shamba letu, kando ya ua wa mbuzi. Baba mkwe mwenyewe alisimama hapo akatuambia, "Piteni, maji si yangu." Tangu siku hiyo kila mtu anapita hapo. Watoto wa shule, punda, watu wa kanisa, hata wale wanunuzi wa makaa.

Halafu Mutiso akanunua pikipiki. Alinunua kwa fundi wa mradi wa maji, wakati mradi ulikwisha na kambi ikavunjwa. Ni ile aina ya porini, wanaiita skrambla, matairi yake yana meno kama jembe. Haikuwa na namba. Huko kambini ilikuwa inazunguka kwenye mitaro tu na hakuna mtu aliyejisumbua kuiandikisha. Mutiso aliipenda, Mwaitu. Aliiita punda asiyekula. Aliitumia kubeba maji, magunia ya mbaazi ya watu, na mgonjwa akipatikana alimpeleka zahanati. Jirani yangu Mbithe alikuwa akiisikia inakuja ananiambia, "Mama Muthui, kinu cha posho kimerudi nyumbani, weka ugali."

Huyu Mbithe umjue vizuri. Ndiye alimpokea huyu mdogo kwa mikono yake siku mto ulijaa nikashindwa kuvuka kwenda kujifungua. Mimi na yeye tulikuwa tunaazimana mpaka chumvi.

Siku moja tulienda Kitui, Muthui alikuwa anachomwa sindano, nikamwambia Mutiso tupitie kwa watu wa bima. Alikubali, lakini alikuwa akicheka. Karani akauliza, "Namba ya pikipiki?"

"Haina namba."

"Basi kwangu hiyo ni chuma tu, si pikipiki. Nenda kaiandikishe, upate kitabu chake, ufunge namba nyuma, ndiyo urudi nikukatie bima."

Mutiso akamwambia, "Bwana, yangu haitakanyaga lami hata siku moja. Inatembea na mbuzi."

Karani akamwangalia. "Na hao mbuzi wanapita peke yao? Hakuna mtu anapita hapo?"

Tulipotoka nje Mutiso akasema bima ni ya watu wa lami. "Huko kwetu nitagonga nini? Kichuguu?" Nikamwambia kuna watoto. Akasema watoto wanaisikia ikiwa bado ng'ambo. Hiyo ni kweli, ilikuwa na kelele. Na si yeye peke yake aliyewaza hivyo. Huku kila mtu anaamini kwamba sheria ya gari inaishia pale lami inapoishia, na ukiingia vumbini uko kwako. Hata naibu wa chifu alikuwa akibebwa na hiyo pikipiki akienda mikutano.

Mbithe ana msichana anaitwa Kamene, amepoteza meno ya mbele juzi tu. Siku hiyo alikuwa anatoka mtoni na punda wao. Mutiso alikuwa anateremka na magunia mawili, moja kila upande. Njia tulikuwa tumeikata ya kutosha punda na mtu, hatukuwaza kitu kingine. Punda alisikia mlio akashtuka akaenda upande, na Kamene akakimbilia katikati kumshika kamba. Mutiso alifunga breki lakini magunia yalimvuta. Pikipiki ililala juu ya mguu wa mtoto.

Hakukimbia, Mwaitu. Mumbua, hapo rudia mara mbili. Mutiso hakukimbia. Alimbeba Kamene mikononi mpaka zahanati akilia njia nzima, na huko akatafuta pikapu ya kuwapeleka Kitui. Lakini mfupa ulikuwa umesagika, na hospitalini wakaukata mguu chini ya goti.

Nilienda kumwona nimebeba uji. Mbithe hakunifukuza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Mama Muthui, hapa wananiambia mtoto akigongwa na gari, bima ya hilo gari ndiyo inamtengenezea mguu wa kuvaa, na kuubadilisha akiendelea kukua. Daktari ananiuliza namba. Nimwambie namba gani?"

Nilimpa Kamene uji, akanywa, akaniuliza kama punda wao alirudi nyumbani.

Polisi wakaja, wakaichukua pikipiki. Mutiso akashtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, pikipiki haijaandikishwa, na haina bima. Hapo ndipo baba mkwe akaenda kwa mtu mmoja anayeandikia watu barua nje ya korti, anayejua maneno ya sheria. Alirudi amechangamka. Akatuita sote akasema, mambo yote yanategemea njia. Ikiwa pale ni barabara, hata kama ni ya vumbi, hata kama ni ya mguu, mradi watu wote wanapita, basi namba na bima zilihitajika. Lakini ikiwa ni njia yetu ya ndani ya shamba, mtu akiendesha kitu chake kwake hahitaji namba wala bima. Na mtoto basi ni yeye aliyeingia kwetu.

"Ndinda," akaniambia, "wewe ndiwe utasimama uulizwe, kwa sababu wewe unakaa hapo kila siku. Neno moja tu. Njia ni yetu."

"Na Mbithe, baba?"

"Mbithe ana mume wa kumsemea."

"Lakini ulisema watu wapite."

"Nilisema wapite, sikusema ni yao."

Unaona alivyokuwa na maneno, na shamba kweli ni lake. Mahali mtoto aliumizwa ni ndani ya mpaka wetu. Ningesema hivyo na mtu asingeniita mwongo mara moja.

Asubuhi ya kesi tulitembea mpaka stendi, Mutiso amembeba huyu mdogo. Wakati huo alikuwa bado nje kwa dhamana. Hakuniomba kitu. Alisema tu, "Mimi sikuambii useme nini. Lakini ujue nikienda ndani, jembe ni wewe na maji ni wewe." Halafu akamrekebisha mtoto kofia. Mwaitu, huyu ni mume mzuri. Hajawahi kuninyooshea mkono. Nikipika chakula kikaungua anasema anapenda kilichoshika. Nakuandikia haya ili usije ukamchukia.

Nilipoitwa kizimbani nilikuta Mbithe ameketi benchi ya mbele na Kamene. Mtoto alikuwa amevaa gauni la kanisani, na upande mmoja lilikuwa linaning'inia tu. Hakimu alikuwa mtu mzee mpole. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, hii njia ilitengenezwa na nani?"

Nilitaka kusema ni yetu. Nakuambia ukweli, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nikiangalia mbele namwona Mbithe, na huyo Mbithe ndiye alikuwa mbele yangu siku ile ya panga, yeye anakata na mimi navuta miiba, tunaimba. Nikisema njia ni yetu, ni kusema mtoto wake alikuwa mwizi wa njia ambayo mama yake aliitolea jasho. Mguu ameshapoteza. Nimnyang'anye na njia?

Nikasema, "Tuliikata sisi wanawake wa mwethya. Inapita kwetu, lakini ni ya watu wote."

"Hata huyu mtoto?"

"Hata huyu, bwana mkubwa. Mama yake aliikata kuliko mimi."

Nilisikia baba mkwe akivuta pumzi huko nyuma. Hakimu aliandika kwa muda, halafu akasema kwa yale makosa mengine Mutiso alipe faini, lakini kwa lile la kumwumiza mtoto na chombo kisicho na bima atafungwa. Mutiso alipopita karibu nami na askari alisimama kidogo. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Alisema, "Haya, umesema." Basi. Akainamisha kichwa chini ya mlango akaenda.

Tangu hapo baba mkwe haniamkii. Mama mkwe ananiuliza kila nikiingia jikoni, "Kwani ulikuwa na haraka gani ya kusema?" Analia, nami nalia, halafu tunaendelea kuchambua maharagwe.

Na usidhani nimepata rafiki yangu tena. Nilimkuta Mbithe mtoni. Akanisaidia kuinua mtungi, akanitazama, akasema, "Usingoje nikushukuru. Umesema ukweli sawa, lakini Kamene bado anaruka na mkongojo wa mti." Nikamwambia sikuja kushukuriwa. Tulipanda ile njia, yeye mbele mimi nyuma.

Nilienda jela kumpelekea Mutiso sabuni na kumwonyesha mtoto. Nilingoja nje na wanawake wengine mpaka jua likageuka. Askari akarudi peke yake. Akaniambia, "Mama, amekataa kutoka. Amesema uende kwenu." Nilimwachia sabuni. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namfunika mtoto na leso kama vile kuna baridi, na kulikuwa na jua kali.

Mwaitu, nimechoka. Nalima peke yangu, na mtoto mgongoni, na usiku huyu mdogo halali. Ningependa hata leo kuja kuketi karibu na moto wako unipe uji na usiniulize kitu. Lakini siji. Na wewe usimtume kaka yangu Kioko aje kunichukua. Najua atataka, akiwa na hasira zake.

Kwa huyo Kioko nina neno, Mumbua, na umsomee mume wako polepole. Nilisikia anataka pikipiki ya kuteremsha maembe na machungwa mpaka kwenye barabara ya Mombasa. Sikatai. Lakini asimwamini mtu wa kumwambia kwamba vijia vya Kilungu si barabara. Watoto wanapita hapo. Aiandikishe kwanza, afunge namba, akate bima, ndiyo aweke petroli. Akiona hawezi yote hayo, abebe kwa kichwa kama tulivyokuwa tunabeba. Nikisikia ameiwasha bila namba, mimi si dada yake.

Sasa lile kubwa. Baba mkwe amesema atawatuma wazee waje hapo kwenu kudai zile mbuzi za ntheo, zilizoletwa siku nilipokuwa mke wa hapa, ili ndoa iishe. Wakija, wakaribishe. Wapikie chai yenye maziwa, uwasikilize mpaka wamalize, usibishane na mtu. Lakini mbuzi wasipewe. Waambie Ndinda hajatoka. Bado anachota maji ya mama yake Mutiso na bado anapalilia shamba la Mutiso. Siku Mutiso akitoka, aje asimame mbele yangu, aniangalie, aniambie mwenyewe kwa mdomo wake kwamba hanitaki. Hapo nitachukua watoto nije, na mbuzi mtazitoa bila ugomvi. Lakini kwa mdomo wa askari, sitoki.

Msalimie baba, na asikasirike kabla barua haijasomwa mpaka mwisho. Msalimie nyanya yangu, umwambie mtoto mwenye jina lake ana meno kumshinda. Msalimie shangazi anayefuma vikapu, na mchungaji aliyetufungisha ndoa. Aniombee, ila asinitaje kwa jina mbele ya kanisa.

Ni mimi binti yako, ambaye bado ni mke wa Mutiso,

Ndinda