Tajiri Niliyemtunga Ameingia Kwenye Ripoti

Mshauri wangu mpendwa, nina jambo linanikaba na ninahitaji msaada wako, ila kwanza ujue unamsaidia nani, maana mimi si mtu wa kubabaisha, mimi ndiye karakana nzima inaniita Injinia ingawa shule niliiacha kabla haijaniacha, na kwa mikono hii niliwahi kufunga mashine ya chapa kwa waya wa kuanikia nguo huku inazunguka, karatasi zinatoka, wala mteja hakujua.

Mashine yenyewe tunaiita Meja. Ni chuma kitupu, imempita umri mpwa wangu, na tangu tuinunue mimi na dada yangu mkubwa imechapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, mpaka karatasi za mitihani, na ikianza kunguruma asubuhi vikombe vya chai vinacheza mezani nami moyo unatulia kabisa. Njaa sina, deni sina, nyumbani kuna amani. Nasema hivyo usije ukadhani nalia.

Sasa kuna muuza karatasi anataka kuingia kwenye kampuni yetu awe mwenzetu, akasema leteni ripoti ya hesabu nione mali zenu zina thamani gani, kwa hiyo mpwa wangu, binti wa huyo dada, mhasibu aliyesoma mpaka vyeti vikajaa ukuta, akamleta mthamini, bwana mmoja wa miwani, akajipenyeza chini ya Meja na tochi, akatoka na vumbi kichwani, akaniambia anatafuta "thamani ya haki".

Mshauri, niliposikia neno haki damu ilichemka, nikaona kumbe sheria imeanza kuzitetea hata mashine, maana Meja imepiga kazi miaka ishirini na sita bila likizo, na kama kuna mashine inayostahili haki yake ni hiyo, nikamuuliza hiyo haki mnaipima kwa nini, akasema kwa bei ambayo mtu angelipa leo, ila mashine za aina hii haziuzwi kila siku, hana ya kulinganisha nayo, je, kuna mtu amewahi kutaka kuinunua? Hapo mdomo ukanitangulia. Nikamwambia mwaka huu huu alikuja tajiri na magari mawili, akamwaga milioni themanini juu ya meza hii, nikamwambia ondoa pesa zako zinachafua karatasi. Mshauri, aliyekuja ni mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, akauliza kama tunaiuza kwa kilo.

Nilitegemea yule bwana acheke kama wanavyocheka wote. Akaandika. Wiki iliyopita mpwa wangu kanipa rasimu ya ripoti niisome, nakuta Meja ni milioni sabini na nane, yaani zile themanini zangu ukitoa gharama ya kuisafirisha, na kwenye kurasa za maelezo pameandikwa kwamba thamani hiyo imetokana na ofa halisi aliyopewa mkurugenzi. Mkurugenzi ndiye mimi. Sikufichi, nilifurahi, niliisoma mara tatu, sijawahi kuona uongo wangu umevaa tai namna ile.

Nikamwuliza kwa utani, je, hatuwezi kuongeza kidogo kwa ajili ya utumishi wake wa muda mrefu, akaweka kalamu chini akaniangalia.

"Mjomba, haki hapa si malipo ya jasho la mashine. Ni bei ambayo mtu baki, asiyeshurutishwa na yeyote, angekulipa leo. Mimi nimeuliza kote sikuipata bei kama hiyo. Nimeikubali kwa sababu umesema wewe, na Ijumaa naweka sahihi."

Kwa sababu nimesema mimi. Nikitoboa siri, dada yangu ataniita muongo mbele ya muuza karatasi na huenda mtu mwenyewe akatukimbia, nikinyamaza, mpwa wangu anatia sahihi, na siku mambo yakifumuka vyeti vyake ndivyo vitakavyoteremshwa ukutani. Nimewaza nitafute tajiri wa kweli kabla ya Ijumaa atoe ofa ya kweli, binamu yangu yuko tayari hata kuvaa suti. Nifanyeje?

Injinia

MSHAURI ANAJIBU

Injinia, nimecheka, halafu nikaacha. Mwambie binamu yako avue hiyo suti. Ofa yake haina tofauti na ya tajiri wako, ila sasa waongo mtakuwa wawili.

Kuipenda Meja si kosa. Ulipoteleza ni kwenye lile neno. Haki inayotafutwa pale ni ya msomaji wa ripoti, huyo muuza karatasi anayetaka kutoa pesa yake na hajui lolote la ndani ya karakana yenu zaidi ya mlichomwandikia. Yeye ndiye uliyemdhulumu. Na mpwa wako, ambaye kauliza kote akakosa bei kisha akakuamini wewe kuliko kazi yake mwenyewe, unataka kumwacha atie sahihi ili usionekane muongo? Hapana, kaka.

Nenda kwake leo, na uende peke yako, kwa sababu sahihi ni yake. Ukitoka hapo mpigie mthamini wewe mwenyewe, aifute ofa. Mpe ya kweli: mwaka mlionunua, vipuri ulivyobadilisha, kazi inazotoa kwa siku, hata yule wa mkokoteni na bei yake ya kilo. Anaweza kuanzia bei ya mashine mpya akatoa uchakavu, na kwenye maelezo aseme wazi kwamba ni makadirio na ameyapataje. Namba itashuka, pengine sana. Dada yako mwambie siku hiyo hiyo. Atafoka, mwache afoke. Muuza karatasi naye mwonyeshe daftari la oda, maana mtu wa biashara yake anachotaka hasa ni wateja wanaomaliza karatasi, na hao mnao. Akiondoka kwa sababu ya namba ya kweli, ni afadhali kuliko akae kwa ya uongo.

Ukifika kwa mpwa wako, sema hivi: "Mwanangu, yule tajiri hakuwepo." Sema ukiwa bado umesimama mlangoni. Ukishakaribishwa kiti tu, utaanza hadithi.