Tulisema ni Jua

Kui weh, uko? Dorine, bibi ya bro wangu Githae, amelazwa.

Si nilikuambia kliniki walisema vitamini D yake iko chini? Basi kila asubuhi anapanda juu ya gorofa hapa Ngoingwa, anaota jua katikati ya nguo za majirani. Mimba ni ya miezi saba, na miguu imefura mpaka anavaa slipa za Githae.

Leo ameshuka akisema kichwa kinampasuka na anaona nyota. Mum akamwambia, "Ni hilo jua, enda ulale." NI JUA. Na sisi wote tukaitikia, eeh, ni jua.

Kuamka, haoni vizuri. Tukamkimbiza hosi.

Nesi akampima presha, akapima tena mkono ule mwingine. Akasema ni presha ya mimba, iko juu sana, akauliza, "Nani alimwambia alale?"

Kui, Mum akaanza kutafuta kadi ya kliniki kwa mkoba.

Sasa wamemwingiza theatre kumtoa mtoto. Githae hata hawezi kukaa chini.

Na wewe huko Mugutha, si leo ni mawingu tangu asubuhi? Hata huku. Jua halijatoka kabisa.