Mstari Mmoja Ulionificha

Kaka Hamadi,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako anaijua Mungu. Yangu nataka uijue wewe, maana ni wewe uliyeiharibu.

Mama hajambo kidogo. Mguu wa kulia bado mzito, lakini anakaa kitako mwenyewe na anakula bila kulishwa. Hapa mjini, mtaani kwetu Ng'ambo, watu bado wananisimamisha njiani kunipa pole. "Ulikuwa na kaka, Salma," wananambia. Nnaitikia. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa naitikia kwa moyo mmoja.

Nilitaka kukufanyia wema. Ule ukurasa wa mtandaoni ulionitengenezea nilipokwenda Uroa kufungua darasa la mapishi kwa wageni ulikuwa bado upo, ingawa darasa lenyewe lilikufa kitambo. Nikamwomba Yusra, binti wa jirani yetu, anayetengeneza kurasa za mahoteli, aandike jina lako chini: kwamba ni kazi ya mkono wako, na anayesoma akuombee dua. Akaufungua kwa ndani, akasoma, kisha akanitazama.

"Da Salma, huu ukurasa mlitaka uwe wa siri?"

Nikacheka. Siri ya nini, na mimi nilikuwa nawatafuta wageni kwa udi na uvumba?

Akanionyesha zile alama za meta, maneno yanayokaa kichwani mwa ukurasa, ambayo msomaji hayaoni lakini mitambo ya kutafutia huyasoma ijue ukurasa unahusu nini. Nilizikumbuka. Wewe ndiye uliyenifundisha, tumekaa barazani kwa Mama, sahani ya mihogo katikati yetu. Mimi nilitaka tuandike "mapishi bora kabisa ya Zanzibar". Ukasema, "Hakuna anayetafuta neno bora. Andika anachoandika mgeni akiwa kwao." Tukapima neno kwa neno mpaka tukapata: jifunze kupika pweza wa nazi na mkate wa kumimina, Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja. Nilifurahi kama mtoto siku ya sikukuu. Maneno yale yapo mpaka leo, hayakupungua herufi.

Chini yake pana mstari mwengine. Huo hukunionyesha. Unaiambia mitambo: ukurasa huu msiuweke, mtu akitafuta msimwonyeshe.

Yusra alikutetea, nikupe haki yako. Alisema mafundi huuweka mstari huo kazi ikiwa haijakamilika, halafu wengine wakasahau kuutoa. Nikaishika kauli hiyo kwa mikono miwili. Lakini nilipokuwa namkanda Mama mguu, mambo yakaanza kunirudia. Nilikuuliza mara ngapi kutoka Uroa, "Kaka, mbona nikijitafuta sijioni?" Ukasema mtandao una foleni yake, nisubiri. Nikasubiri. Nilipouliza tena ukanitumia anwani yenyewe, nikaibonyeza, ukurasa ukafunguka, ukasema, "Si huu hapa?"

Kwa aliyepewa anwani, ulikuwepo. Kwa dunia nzima iliyobaki, haukuwepo.

Nikapika pweza, nikaketi mlangoni, wageni wakanipita ufukweni wakenda kwa wenzangu. Nikadhani chakula changu ndicho kibaya. Nikadhani mimi ndiye mwenye mkosi. Nikarudisha ufunguo wa nyumba ya watu, nikarudi mjini na masufuria yangu, na wewe ukaja kunipokea. Ukanibebea mizigo. Ukanifuta machozi, Kaka. Kwa mkono ule ule.

Nikenda kwa mkeo. Amekaa eda, sikutaka kumzidishia, lakini nilishindwa. Wifi Mwanaidi aliinamisha kichwa, akasema, "Alijua. Alisema, Salma akipata wageni harudi tena mjini, na Mama atabaki na nani? Nikamwambia akakwambie mwenyewe. Akasema utakataa."

Nitakataa. Ulijuaje? Uliniuliza lini? Nyumba ile ya Uroa ilikuwa na chumba cha uani, kina dirisha la upepo. Nilishakifagia. Kilikuwa cha Mama. Nilikuwa nangoja kazi isimame ndipo niwaambie, nisije nikamhamisha mgonjwa kwenda kwenye njaa.

Ungenikataza, tungegombana, ningenuna, tungepatana kama siku zote. Wewe hukunikataza. Ulinisaidia. Ulinichagulia maneno mazuri, ukayafungia ndani, ukaniangalia nikihangaika. Hilo ndilo linaloniuma, sijui hata niliite nini.

Yusra ameutoa ule mstari. Nikabadilisha maelezo, palipokuwa Uroa nikaandika mjini, maana nyumba ile ishapangishwa mtu mwengine. Haikuchukua muda, mama mmoja wa nje akaandika anataka kujifunza. Akaja na mumewe, tukapikia jiko la Mama. Mama alikaa kitini akimkosoa yule mume namna ya kukuna nazi, "Mwambie asiikwangue mpaka kwenye kifuu!" na akacheka. Tangu ulipoondoka alikuwa hajacheka. Kumbe yote mawili, kazi yangu na kukaa na Mama, yaliwezekana. Nikaingia ndani nikalia, na haikuwa furaha.

Walipoondoka, Mama akasema, "Hamadi angefurahi."

Nikasema, "Naam, Mama."

Basi pumzika, Kaka. Mama hatojua. Nakuahidi hilo, wala si kwa ajili yako peke yako: naye ana haki ya kubaki na mwanawe mwema. Kukuombea sijaacha hata sala moja, kwa sababu ni deni la damu. Mungu akusamehe, Yeye mwepesi kuliko mimi. Mimi bado. Siku nitakayoweza, nitakwambia waziwazi. Sitakuficha.

Mdogo wako,
Salma