Kitenge cha Shukrani Kabla ya Mtihani

Baba,

Ningekuandikia mapema, lakini niliona aibu. Najua utacheka, mtu gani anamwonea aibu marehemu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hata makaburini nikija na Mama huwa nasimama nyuma yake na kutazama viatu vyangu. Jiwe lako bado hatujaliweka. Wanasema udongo lazima utulie kwanza, kwa hiyo mpaka leo una kibao cha mbao tu, na Mama akifika hukifuta kwa kanga yake kama anayefuta meza.

Sikufaulu, Baba. Niseme hilo kabla sijaanza kuzunguka, maana nikianza kuzunguka nitazunguka kama wewe. Mtihani wa kuingilia shule ya sheria nilianguka, na vyuo nilivyoomba vimenikataa kimoja baada ya kingine, kwa barua pepe za adabu sana. Wazungu wanajua kumkataa mtu. Unamaliza kusoma unataka kuwashukuru.

Bado napanga bidhaa kwenye rafu pale dukani Ilford, huku huku ughaibuni. Mama amehamia zamu ya asubuhi. Kiti chako cha kanisani, kile cha karibu na hita, kimechukuliwa na shemeji yake Pasta, na anakoroma humo kuliko ulivyokoroma wewe. Kiti chako cha jikoni hakuna anayekikalia. Leo nimekikalia mimi, ili niandike.

Hapa ndipo tulipokuwa tunajifunza, unakumbuka? Wewe na sare yako ya kazi, chai mkononi, mimi na yale maswali ya mtihani. Nasoma habari ndefu ya Kiingereza, mtu anabishana kuhusu kodi au magereza au uhuru wa magazeti, nakutafsiria, halafu nakuuliza: mwandishi amechukulia kitu gani kuwa kweli bila kukisema? Nawe unauliza kwa lugha yako: "Uyu mutu anaficha nini?" Nilidhani ungekuwa hodari kwa mambo hayo. Masikini Baba yangu, hukuwahi kupata hata moja! Ulikuwa unagombana na mwandishi. Ulitaka kujua ana watoto wangapi, na kama ana watoto, kwa nini anasema maneno kama hayo. Nikikubana unichagulie jibu, unainua kikombe na kusema, "Weka B. B ni ya Bwana." Tunacheka mpaka Mama anagonga ukuta.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Barking, kwenye ukumbi wa kanisa letu.

Sikukulaumu siku ile, Baba, nilikulaumu baadaye, lakini siku ile nilitamani sakafu ipasuke. Kwetu watu hushukuru kwa imani, kabla ya kupokea. Najua desturi yetu. Mama fulani anatoa ushuhuda wa makaratasi ya ukaaji ambayo bado hayajatoka, watu wanapiga vigelegele, na yakichelewa hakuna anayemuuliza. Lakini sikujua kama na wewe ungepanda mbele, na suti yako ya kijivu, ukasema kwamba Mungu amempa binti yako shule ya sheria, na kuanzia leo tumwite Maître, kama tunavyowaita mawakili kule kwetu Bukavu. Ukumbi mzima ulisimama. Mama Tabita wetu wa kanisani akatoka na kitenge kipya, cha bluu chenye ndege wa njano, akanizungushia mabegani, wamama wakanipepea kwa leso. Nilitabasamu. Ningefanya nini? Kwenye basi la kurudi nyumbani nikakunong'oneza: Baba, mtihani wenyewe wa kompyuta sijaufanya. Ukanijibu bila kugeuza kichwa: "Mungu hangojaka kompyuta."

Wiki chache baadaye moyo wako ukasimama, katika chumba cha kubadilishia nguo kazini. Walisema ulikuwa umevaa mkono mmoja wa sare. Hilo la mkono mmoja linanirudia mpaka leo, sijui kwa nini.

Kwenye msiba hukuitwa tena kwa jina lako. Uliitwa baba wa Maître. Neno lako la mwisho kanisani lilikuwa lile, na neno la mwisho la marehemu, nani atalisahihisha? Waliokuwepo walijua ni shukrani ya imani. Waliosimuliwa waliamini nimeshaingia chuo. Nami sikumwambia mtu lolote. Nilikuwa nalia, na mtu anayelia haulizwi maswali.

Mtihani niliufanya baada ya mazishi. Nilijifunga kile kitenge chini ya koti. Mhudumu wa pale akaniambia kwa upole kwamba nguo ya mabegani haiingii, niikunje niiache kabatini pamoja na simu na funguo. Nikaingia bila wewe. Kompyuta, vipokea sauti vya kuziba masikio, na saa inayorudi nyuma pembeni ya kioo. Kila habari niliyosoma nilikusikia ukigombana nayo. Yaliponibakia maswali mengi na dakika haba, niliweka B. Zote, Baba. B, B, B, mpaka mwisho. Nilikuwa nacheka peke yangu pale, na machozi yananitoka.

Insha ndiyo iliyonimaliza. Waliuliza kama ni haki sheria imlazimishe mtu kumsaidia mgeni aliye hatarini. Swali gani hilo kwa watu kama sisi! Nilikuwa na mengi ya kusema. Lakini nilianza kama ulivyokuwa unaanza wewe ukitumwa kuwa msemaji wa familia kwenye mahari. Kwanza unawashukuru wenyeji, halafu unawasifu wa upande wa pili, unataja waliotangulia, unasema pande zote zina hekima, na jambo lenyewe halitajwi mpaka chai imenyweka. Nilishukuru. Nilisifu. Niliupa kila upande heshima yake. Saa ikafika sifuri kabla sijasema mimi mwenyewe nafikiri nini.

Hapo ndipo nilipokulaumu. Matokeo yalipokuja nilikaa bafuni na kukusema vibaya, wewe uliye kaburini. Nilisema umenifundisha kuzunguka, umeniwekea kitanzi shingoni mbele ya kanisa zima, kisha umeondoka. Nisamehe. Naandika haya na masikio yanawaka.

Na kuna la pili, na hili ni baya zaidi. Nililipenda lile jina. Jumapili baada ya ibada watu walikuwa wananijia na bahasha zao, za uhamiaji, za nyumba, za shule za watoto. "Maître, ukuye hapa kidogo." Nawasomea, nawaeleza kilichoandikwa, si zaidi ya hapo, nilijiambia. Lakini nilikuwa nasoma polepole, nakunja uso, natikisa kichwa kama mtu mwenye ofisi. Barua za kunikataa zilikuwa kwenye simu, mfukoni mle mle. Wananishukuru, nasema aksanti, narudi nyumbani nikiwa nimejaa kama puto.

Tukafika kwenye kuondoa matanga yako. Ukumbi ule ule. Mama alikuwa amepika tangu juzi yake, fufu, sombe, sambaza za kukaanga, na mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuwashukuru watu kwa niaba ya familia, na kitenge changu mabegani. Nilikuwa kwenye masufuria Mama Tabita aliponishika mkono. Unajua kesi yake ya nyumba, mwenye nyumba anayetaka kumtoa. Akaniambia, kwa furaha kabisa, habari ya mawakili wa bure waliokuwa wanamsaidia: "Wale ba avoka ya bure nimewaambia basi, siwataki. Niko na Maître wangu. Ni wewe utanisemea."

Baba, kijiko kilinianguka. Kesi ilikuwa karibu. Yule mama, umri wake ule, angesimama mbele ya hakimu akitegemea mtu anayepanga mikebe ya nyanya dukani.

Nilipoitwa mbele nilianza kuzunguka. Niliwashukuru waliotoka mbali, nikamshukuru Pasta, nikawashukuru wapishi. Nikakutaja wewe. Nikaona nimebakiza kuwashukuru walioweka viti. Hapo nikasema: "Miye si Maître. Nilianguka mutihani. Hakuna chuo kilinichukua. Niliwaacha muniite vile, na nilijua."

Pasta akasema "Amina" kwa mazoea. Hakuna aliyemfuatia. Mama alikuwa anatazama sahani yake tu. Nikavua kitenge, nikakikunja, nikampelekea Mama Tabita mikononi, kwa sababu sikujua ninakosea wapi tena na wapi natengeneza. Hakukipokea. Hakunibembeleza pia, usidhani. Aliniambia mbele ya wote: "Umenifanyia mubaya. Sasa ile avoka nitamupata wapi?" Nikainamisha kichwa. Akaniacha nimesimama hivyo, mikono mbele. Halafu akasema: "Na kitenge ya shukrani haturudishaka. Utaivala mupaka itapata sababu."

Nikakivaa. Ni kizito, Baba. Sikujua kitambaa kinaweza kuwa kizito vile.

Kwenye basi Mama alikaa kiti cha mbele, mbali nami. Usiku ule nilijua nimemwaibisha mjane siku ya matanga ya mumewe, mbele ya watu waliokula jasho lake. Asubuhi nilimkuta hapa jikoni akifunga kamba za viatu vya kazi. Akasema bila kuniangalia: "Baba yako alijua mutihani ni nguvu. Kifua ilikuwa inamuuma tangu mbele, alinikataza kukuambia. Njo maana alishukuru mapema. Aliogopa ile siku haitamukuta." Akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Nilikaa chini. Nilikulaumu kwa haraka yako, Baba, kumbe ulikuwa huna muda. Ulitaka kuniona nikipepewa leso hata mara moja. Na mimi pale mbele nilikuwa natamani unyamaze. Sasa aibu hii nitaipeleka wapi?

Nimeipeleka kwa Mama Tabita, sikupata pengine. Siku ya pili yake niliomba ruhusa kazini, nikamfuata, tukaenda pamoja pale kwenye ofisi ya mawakili wa bure kuomba nafasi yake irudi. Alivaa koti la kanisani. Mimi nilivaa kitenge, maana aliniangalia mabegani kabla hajafunga mlango. Njiani hakuniita Maître, wala Furaha. Hakuniita kitu.

Msichana wa mapokezi alikuwa na haraka. Nikamweleza, na safari hii sikuzunguka. Nilisema mama huyu aliacha msaada wenu kwa sababu yangu, kosa ni langu, kesi yake iko karibu, anamhitaji wakili. Akaenda kuuliza, akarudi, akasema tusubiri, kuna mmoja atamwona leo. Kisha akafungua kompyuta na kuniuliza mimi ni nani kwa mama huyu. Nikajiuliza. Rafiki? Jirani? Muongo wake?

Mama Tabita alielewa swali. Kiingereza chake unakijua, Baba, ni cha kuhesabia vidole. Akaweka kiganja chake begani kwangu, juu ya wale ndege wa njano, akamwambia yule msichana: "My lawyer." Akafikiri kidogo. Akaongeza: "Bado."

Msichana hakuelewa neno la pili, akaandika anavyojua yeye. Mimi nilitoka nje nikalia.

Lala sasa, Baba. Naenda kufunga dirisha, mvua inaingia, na Mama atarudi akute sijaosha vyombo. Siwezi kukuahidi kufaulu. Ahadi kama hiyo uliitoa wewe kwa niaba yangu, na unaona tulipofika. Ninachokuahidi ni hiki: mtihani nitaurudia, na insha nitaianza na ninachofikiri, salamu zije mwisho. Na kanisani wakisahau, wakaniita tena Maître, nitageuka na kuwajibu, kila mmoja, kila Jumapili, kitenge kikiwa mabegani.

Bado.

Binti yako,
Furaha